Miti Minne ya Lopeyok

Nilipiga taipu barua za serikali kwa miaka kumi na mitatu pale Lodwar, na katika miaka hiyo yote sikuwahi kuona karatasi ikishindwa na mti. Kwa hiyo mkitaka kunicheka, chekeni polepole.

Naitwa Jebet. Kwetu ni Keiyo, juu ya bonde, kwenye baridi na mahindi. Kwetu binti hapewi shamba. Anapewa baraka na kuombewa mume. Mume nilimpata, akaniacha kabla sijamzoea, na nilipomwomba kaka yangu mkubwa kipande kidogo cha kujengea, alinijibu kwa upole kabisa kwamba nyumbani nitakaribishwa siku zote kama mgeni. Nilirudi kazini Lodwar nikilirudia neno hilo njia nzima. Tangu siku hiyo nilitaka kitu kimoja tu duniani: mahali ambapo hakuna mtu atakayeniambia hama.

Maana nilikuwa nimeambiwa hama mara nyingi. Lodwar nilipanga mtaa wa Kanamkemer, na huko nilihamishwa mara nne. Mwenye nyumba wa kwanza, mwanawe alioa akataka chumba. Wa pili aliuza. Wa tatu alisema moshi wangu unaharibu mabati yake. Wa nne hakutoa sababu, aling'oa mlango nikiwa ofisini, nikarudi nikakuta kuku wa jirani juu ya kitanda changu. Nililia siku ile, si kwa ajili ya mlango, bali kwa sababu sikuwa na mtu wa kumshtaki. Chumba kilikuwa chake.

Mwaka wa 1992 wakimbizi kutoka Sudan walifika Kakuma, na pale palipokuwa na maduka machache, misheni na kituo cha polisi pakazuka mji. Malori yalipita Lodwar kila siku. Madereva, walimu, watu wa mashirika, wafanyabiashara kutoka kule kusini ambako Waturkana hukuita Kenya, kana kwamba wao wako nchi nyingine, wote walitafuta chumba chenye mlango na kufuli. Mimi nilijua mapema kwa sababu barua zilipita mikononi mwangu. Nikajiambia, Jebet, sasa wewe ndiye utakayekuwa na milango.

Nilikwenda ofisi inayogawa ploti. Siitaji jina, maana waliomo bado wanakula. Bwana mmoja pale aliniambia ardhi ya Turkana haina hati za kumiliki, inashikiliwa kwa niaba ya wenyeji, lakini barua ya kugawiwa ploti ninaweza kupata. "Tafuta kwanza mahali ambapo wenyeji hawatakusumbua," alisema. "Ukishapapata, njoo tuandike."

Ndipo nikakutana na mzee Lopeyok. Nilimkuta Kakuma, kando ya mto Tarach, ambao ni mto wa mchanga mwaka mzima isipokuwa siku chache ambazo hutamani kuuona. Alikuwa mrefu, mkavu, ameketi juu ya kigoda chake kidogo chini ya mgunga mkubwa, na migunga mingine mitatu imesimama karibu. Katikati ya miti ile palikuwa na uwanja mzuri, tambarare, juu kidogo ya ukingo, barabara iko hatua chache. Nilipouona nikaanza kuhesabu milango yangu.

"Ejok," nikamsalimu.

"Ejok nooi. Mama ya ofisi, unatafuta nini?"

Nikamwambia. Alitafuna tumbaku yake kwa muda mrefu, kisha akanieleza jambo ambalo nililisikia kwa masikio yote mawili na bado sikulielewa. Huku, alisema, mtu harithi udongo. Udongo ni wa kila mtu, na siku hizi ni wa serikali. Mtu anarithi miti ya kando ya mto. Wanaiita ekwar. Miti ile minne ilikuwa ya baba yake, na ya baba wa baba yake. Jua likiwa kali hata majani yameisha, migunga huangusha maganda yake ya mbegu, ngitit, na mbuzi huishi kwa hayo mpaka mvua irudi. Mtu wa ukoo mwingine haokoti bila ruhusa.

"Wewe jenga," aliniambia. "Hapa katikati. Shamba ni ya serikali, mimi sikatai. Lakini hii miti ni ya mimi. Usikate hata mkono yake moja."

"Sitagusa, mzee."

Akachinja mbuzi. Akatoa taka za tumboni, mbichi na zenye joto, akanipaka kifuani na kwenye paji la uso, na wazee wenzake wakaitikia maneno ya baraka. Mimi Mkristo wa Jumapili hadi Jumapili nilisimama nikinuka, nikingoja yaishe. Jioni nilioga mara mbili. Lakini nilifurahi sana, nisidanganye. Hakuna mtu kwetu aliyewahi kunichinjia chochote.

Karani wa taipu wa ofisi ile ya ploti alikuwa likizo ya uzazi, kwa hiyo barua yangu ya kugawiwa niliipiga mwenyewe, kwa mashine yangu, kwa Kiingereza kile cha serikali. Bwana yule alisoma kutoka barua ya zamani, mimi nikapiga. Tulipofika kwenye nambari ya ploti akakwama. Nambari hakuna, alisema, Kakuma haijapimwa. "Weka alama yoyote ya kutambulisha mahali. Mpimaji akija atarekebisha." Nikaandika: kiwanja kilicho kati ya miti minne ya Lopeyok, kando ya mto Tarach. Niliona nimeandika vizuri mno. Akatia sahihi na mhuri, nami nikarudi Kanamkemer na barua ile kifuani, ndani ya nguo, kama mama anayebeba mtoto mchanga.

Mpimaji hakuja. Nadhani hajaja mpaka leo.

Barua ilikuwa na masharti. Nijenge vyumba sita kulingana na ramani iliyokubaliwa, ndani ya miaka miwili, la sivyo ploti irudi kwa ofisi. Ilikuwa Machi 1994. Mwaka huohuo serikali ikatangaza kwamba wafanyakazi wanaotaka kustaafu mapema wajitokeze wapewe kiinua mgongo. Wenzangu waliogopa. Mimi nilikuwa wa pili kwenye foleni. Nilipakia kitanda changu juu ya lori, nikaenda Kakuma kujenga.

Nilijenga vyumba viwili katikati ya miti, kwa mawe na saruji, mabati mapya juu. Kimoja nililala mimi. Cha pili alikichukua Awut, mama Mdinka kutoka kambini. Sheria haikumruhusu mkimbizi kuishi nje ya kambi, kwa hiyo jioni alirudi kambini kulala, na mchana alikuja kupika chai na maharagwe. Vyombo alivifungia chumbani. Wateja waliketi chini ya migunga kwenye mabenchi. Ulikuwa wakati mzuri. Lopeyok alipokuwa mjini alikuja kuketi nao, akipewa chai bila kuombwa, na mimi nilitoka kwenye mlango wangu asubuhi nikautazama na kusema kwa sauti: huu ni mlango wangu. Awut alinisikia siku moja akacheka mpaka akaweka chini birika.

Mwishoni mwa 1995 pesa zilikuwa zimenipungukia na vyumba vinne havijaanza. Januari akaja Shadrack. Tulifanya kazi jengo moja Lodwar, nilimpigia taipu barua zake za mkopo wa baiskeli, na sasa alikuwa mkaguzi wa majengo wa ile ofisi isiyotajwa. Alizunguka na ramani yangu mkononi akitingisha kichwa.

"Dada Jebet, ramani inasema sita. Mimi naona mbili."

"Nitakopa, Shadrack. Nipe muda."

"Muda uko kwenye barua, siyo kwangu. Machi ikiisha hujamaliza, inarudi. Na hivyo vyumba vinne utaviweka wapi?" Akaonyesha kwa kalamu yake. Kila mahali alipoonyesha palikuwa na mgunga.

"Nitabadilisha ramani."

"Kubadilisha ni miezi sita, kama bwana mkubwa yuko. Hayuko." Akakunja karatasi. "Ondoa hiyo miti. Una barua, unaogopa nini?"

Siku hizi huwa najiuliza kama Shadrack alijua alichokuwa akinifanyia. Nikiwa na hasira nasema alijua. Lakini Shadrack hakushika shoka, wala hakumwahidi mtu yeyote kwamba hatagusa.

Lopeyok wakati huo alikuwa mbali, amehamia na mifugo upande wa mpaka wa Uganda kutafuta majani. Ningeweza kutuma ujumbe. Watu walikwenda na kurudi, na Waturkana hufikisha habari upesi kuliko posta. Sikutuma, kwa sababu nilijua jibu. Nilijidanganya kwamba nitamfidia. Nilinunua tumbaku, gunia la sukari na blanketi mbili nzito, nikaziweka chini ya kitanda, na kila nilipoziona nilijihisi mtu mwenye haki.

Mafundi wa Kakuma walikataa kukata. Hawakubishana nami, kila mmoja alisema ana kazi kwingine. Nikaenda kambini nikamleta Gatwech, Mnuer mwenye chale za mistari kwenye paji la uso na mikono mirefu, hodari wa shoka. Alifika, akaizunguka miti yote minne, akaigusa.

"Mwenyewe yeye wapi?" akauliza.

"Mwenyewe ni mimi," nikamwambia.

Awut aliacha maharagwe yake jikoni akaja kusimama mbele yangu, mikono ina unga. "Mama Jebet, hii mti ya mzee. Ngoja yeye kuja. Yeye kuja, sisi tunaongea."

"Mzee hana barua, Awut. Mimi nina barua. Machi ikiisha watanifukuza, na wewe pamoja nami."

"Watu yangu pia alikuwa na ardhi," alisema. "Hapana barua. Ilikuwa yetu tu." Alingoja niseme kitu. Nilimwonyesha Gatwech mti wa kuanzia. "Malesh, mama," akaniambia, yaani pole, akarudi kwa maharagwe yake.

Gatwech alikata siku tatu. Mgunga hauanguki kwa heshima. Hupasuka, hulia, hutupa miiba kila upande. Visiki nilivichimbua mwenyewe na vibarua wawili, kwa sababu ya msingi. Matawi niliyachoma makaa, na makaa, pamoja na mkopo niliopata, yakanunua saruji. Tarehe ishirini na tano Machi vyumba sita vilikuwa vimesimama kwa mstari. Shadrack alikuja, akasema "safi sana", akanitilia sahihi. Nilifikiri nimemaliza.

Joto lilianza wiki ileile. Bila kivuli, mabati yalichemsha vyumba mpaka mishumaa ikalala. Wateja wa Awut walihamia kwenye kibanda kingine kilichokuwa na mti, naye akawafuata. Hakunilaumu. Alirudisha ufunguo akaniambia, "Kivuli ilikuwa hoteli. Chumba ilikuwa stoo tu." Wapangaji wengine niliwapata, madereva na walinzi, watu wa kulala na kuondoka. Nilikuwa mwenye nyumba. Nilikuwa na milango sita, na nilikuwa naogopa kila mzee mrefu aliyetokea barabarani.

Lakini Lopeyok hakuja. Mwaka ule na uliofuata mvua ilikataa kabisa, na ilisemekana watu wa upande wake wametawanyika. Kila siku iliyopita bila kumwona nilishukuru Mungu, jambo ambalo nadhani Mungu mwenyewe alilishangaa. Blanketi zililiwa na nondo.

Katikati ya 1997, siku ya soko, gari jeupe lilisimama mbele ya vyumba vyangu akashuka bwana mmoja mwenye kitambi na miwani, akajitambulisha kwa adabu kama Bwana Morgan. Aliwahi kuwa mkubwa kazini Lodwar, sasa anafanya biashara Kitale. Alikuwa na barua ya kugawiwa ploti, na mchoro umeambatishwa, umepigwa mistari kwa rula. Barua ilisema 1991. Mwaka huo hakuna aliyetaka ploti Kakuma hata kwa kupewa bure, lakini mhuri ulikuwa mhuri.

"Umejenga kwenye ardhi yangu, mama," alisema. "Nashukuru kwa kazi nzuri."

Nilimtukana. Nilimtukana kwa Kikeiyo, kisha kwa Kiswahili ili aelewe. Alinisikiliza mpaka nikachoka, akasema tutaonana mahakamani.

Kesi ilikuwa Lodwar. Mwishoni mwa mwaka ule mvua kubwa ya El Niño ilikuja, barabara zikakatika, Tarach ikabeba mbuzi na watu, na kesi ikaahirishwa mpaka 1998. Mimi sikuwa na wakili. Wakili wa Bwana Morgan alitoka Eldoret, kijana mwenye sauti laini. Alitoa mchoro wake, akamwita Shadrack kuthibitisha kwamba mchoro unalingana na mahali. Shadrack alisema unalingana. Hakuniangalia hata mara moja.

Hakimu alikuwa mtu mvumilivu. Aliisoma barua yangu mara mbili. "Mama, barua hii ni halali kwa macho yangu," alisema, "lakini inataja kiwanja kati ya miti minne. Hapa kwenye picha aliyoleta wakili sioni mti."

"Niliikata, mheshimiwa."

"Kuna visiki?"

"Nilivichimbua. Mashimo yake yako chini ya sakafu."

Watu walicheka. Hakimu hakucheka. "Basi thibitisha kwamba kiwanja cha barua yako ndicho hiki. Yule Lopeyok aliyetajwa bado yu hai?"

Nilimtafuta wiki mbili. Nilimkuta nje ya Kakuma, nyuma ya kituo cha mgao wa chakula cha njaa, ameketi kwenye kigoda kilekile. Alikuwa amekonda hata mkufu wa shanga ulikuwa umemlegea shingoni. Nilipiga magoti, kitu ambacho sijawahi kumfanyia mtu yeyote isipokuwa padri. Nikamwomba msamaha wa miti. Nikamwekea tumbaku mpya mbele yake, na sukari. Nikamwambia aje tu aseme ukweli, kwamba ni yeye aliyenipa pale, kabla ya Bwana Morgan, kabla ya mtu yeyote.

"Nitakuja," alisema. "Nitasema kweli."

Tumbaku hakuichukua. Ningekuwa na akili ningejua. Mturkana akikataa tumbaku, hana tena la kukuomba. Lakini nilikuwa na furaha, nikaona mzee ananihurumia.

Karani wa mahakama alikuja Kakuma, na mbele yake nikampeleka Lopeyok kwenye vyumba vyangu apaone. Alisimama barabarani akiegemea fimbo. Aliangalia mabati muda mrefu, akatembea mpaka ukingo wa mto, akarudi. Karani aliandika tu kwamba shahidi amefikishwa mahali.

Siku ya ushahidi, chumba cha mahakama kilikuwa kimejaa. Lopeyok alivaa shuka safi na unyoya mmoja kichwani. Alizungumza Kiturkana na mkalimani akageuza.

"Unamfahamu mama huyu?" hakimu aliuliza.

"Namfahamu. Nilimchinjia mbuzi."

Nilihisi machozi yananijia, machozi ya nafuu.

"Ulimpa mahali pa kujenga?"

"Nilimpa. Katikati ya miti yangu minne."

"Na mahali ulipopelekwa juzi na karani wangu, ndipo ulipompa?"

Lopeyok aliinamia fimbo yake. Mkalimani akarudia swali. Nilimkazia macho nikimwomba, nikitingisha kichwa kumsaidia, kama mjinga.

"Mahali nilipompa pana miti minne," mkalimani alisema, "ni ya baba yangu. Nilipopelekwa juzi hapana mti. Anasema pale hakumpa. Anasema pale hapajui."

Wakili wa Bwana Morgan alisimama, akashukuru, akasema hana maswali. Kisha akaongeza, kwa sauti yake laini, kwamba bila shaka Kakuma kuna miti minne mahali fulani, na mteja wake hana pingamizi mama akiitafuta ajenge huko. Watu wakacheka tena, na hakimu akawanyamazisha. Uamuzi aliusoma mchana uleule. Barua yangu ilikuwa halali, lakini ilikuwa barua ya mahali ambapo hapakuweza kupatikana. Vyumba vikawa vya mwenye mchoro.

Nilimkuta Lopeyok nje, ameketi kwenye kivuli cha ukuta, akingoja lori la kurudi. Nilitaka kumpiga. Nilisimama mbele yake.

"Mzee, umenimaliza. Unajua ni pale. Macho yako yanajua ni pale! Ungesema neno moja tu."

Hakuinua uso. "Nimesema uongo?"

"Umesema hupajui!"

"Sikiza," alisema, kwa Kiswahili chake. "Ile mwaka ya jua. Ng'ombe imekwisha kule mpaka. Imebaki mbuzi. Mama ya watoto anasema, twende kwa miti, ngitit iko. Mimi nasema ndiyo, twende kwa miti. Tunatembea siku sita. Mbuzi ingine inaanguka, mimi nasema acha, huko mbele iko miti. Mtoto ya binti yangu inalia, mimi nasema nyamaza, maziwa iko kwa miti." Alichora mchanga kwa kidole. "Tunafika kwa mto. Natafuta. Naenda juu, naenda chini. Naona mabati tu. Mama ya watoto ananiuliza, wewe mzee umesahau mahali ya baba yako? Nasema labda nimesahau. Tumetafuta mpaka jua imelala. Wewe hukuwa. Kulikuwa na askari tu, anasema ondoa mbuzi yako hapa."

Nilikuwa Lodwar wakati huo, nikifuatilia mhuri wa vyumba vile.

"Mtoto?" nikauliza.

Akafuta alichochora mchangani. "Mimi bado natafuta ile mahali," alisema. "Ukiona, niambie."

Lori lilikuja. Akakunja shuka lake, akapanda nyuma kwa shida, na watu wakamvuta mikono. Lilikuwa lori langu pia, la kurudi Kakuma, lakini sikuweza kupanda naye. Niliketi palepale ukutani mpaka jioni. Nilikuwa nimesema kila mtu ana makosa, ofisi, Shadrack, Morgan, hata kaka yangu na shamba lake. Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililonisaidia kukaa pale.

Nilirudi Kakuma siku mbili baadaye. Mtu wa Bwana Morgan alikuwa amekwisha fika, kijana mstaarabu mwenye kufuli mpya sita na daftari jipya, anakwenda mlango hadi mlango akiwaandikisha wapangaji. Wapangaji wangu walitoka, wakaniangalia, wakaangalia miguu yao, wakajiandikisha. Sikuwalaumu. Mtu anataka kulala.

Nilikaa juu ya sanduku langu mbele ya chumba cha mwisho. Nilifikiria Keiyo, na kaka yangu akinikaribisha kama mgeni. Nilifikiria Kanamkemer. Nilikuwa na miaka arobaini na sita na sikuwa na mahali pengine pa kuweka sanduku.

Kijana alifika kwangu mwisho.

"Mama, Bwana amesema usifukuzwe. Ukitaka chumba, upange kama wengine."

Niliutazama mlango. Ubao wake niliuchagua mwenyewe kwa seremala wa misheni, bawaba nilizibeba mapajani kutoka Lodwar.

"Nataka," nikasema.

Akafungua ukurasa. "Jina?"

"Jebet."

"Umekaa hapa tangu lini?"

Alikuwa ameshika kalamu akingoja, hana ubaya wowote, ni swali lake kwa kila mtu.

"Tangu leo," nikamwambia, naye akaandika.